KILEMBA CHA UKOKA KATIKATI YA BAHARI

Neno "waziri" limetufikia kutoka kwa Waarabu, na wanavyuoni wengi wa lugha wamelihusisha na "wizri", yaani mzigo mzito. Sisi tuliokalia mkeka wa chuoni tulifunzwa kisa cha Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni akamwomba Mola ampe nduguye Harun awe waziri wake. Hakumwombea nduguye kiti, wala kofia, wala gari la kumbeba. Alitaka mtu wa kumshika mkono katika kazi aliyoiona kubwa kuliko mabega yake mwenyewe. Basi kwa asili waziri ni mchukuzi. Pasipo mzigo hapana waziri, ijapokuwa ana muhuri na karatasi zenye nembo ya dhahabu.

Nimeanza na neno hili, ndugu msomaji, kwa kuwa nataka tukitazame kisa cha mtu aliyekuwa Waziri Mkuu bila ya nchi, bila ya raia na bila ya mzigo. Jina lake ni Alexander Achenbach, Mjerumani mfanyabiashara, na "dola" aliyoitumikia, kisha akaipindua, kisha akadai kuiongoza akiwa uhamishoni, iliitwa Sealand. Wengi hukisoma kisa hiki wakacheka, na kweli kinachekesha. Walakini mimi nadai kuwa kina funzo zito, na kwamba sisi watu wa pwani, tunaopenda lakabu kama tunavyopenda kahawa, tuna haja ya kulisikia kuliko wengi wengine.

Kwanza tuijue hiyo Sealand. Katika vita vikuu vya pili Waingereza walijenga ngome kadha baharini, mbele ya pwani yao ya mashariki, ili kuzipiga ndege za Wajerumani. Mojawapo ni mnara wa Roughs, maili saba hivi kutoka pwani ya Suffolk: nguzo mbili nene za saruji zilizosimamishwa juu ya kitako kilichozamishwa chini, na juu yake jukwaa la chuma. Hakuna mchanga, hakuna mti, hakuna kisima. Vita vilipokwisha wanajeshi wakaondoka, wakawaachia ndege wa baharini.

Miaka ya 1960 ikaja na vijana wa Uingereza waliotaka kusikiliza nyimbo ambazo redio ya serikali haikuwapigia. Wakazuka watu walioanzisha vituo vya redio katika meli na katika ngome hizo kuukuu, ili wawe nje ya mkono wa sheria. Mmoja wao alikuwa Roy Bates, aliyepata kuwa meja katika jeshi. Alikuwa na redio yake katika ngome nyingine, akashtakiwa na kutozwa faini, kwani ngome ile ilionekana kuwa ndani ya maji ya Uingereza. Akahamia Roughs, ambayo siku hizo ilikuwa nje ya mpaka wa maili tatu. Tarehe 2 Septemba, 1967, akatangaza kuwa pale ni dola huru, yeye ndiye mwana wa mfalme wake, na mkewe Joan ndiye bibi wa dola.

Mwaka uliofuata watu waliokuwa wakitengeneza boya karibu na mnara walifyatuliwa risasi za onyo. Bates na mwanawe Michael wakapelekwa kortini Chelmsford. Jaji akaona kuwa jambo lenyewe lilitendeka nje ya maji ya Uingereza, na kwamba korti yake haikuwa na uwezo wa kulihukumu. Hakusema kuwa Sealand ni dola. Bates akatoka pale akiwaambia watu kuwa dola yake imetambuliwa! Tangu hapo mambo yakaongezeka: katiba mwaka wa 1975, bendera, wimbo wa taifa, stampu, sarafu na pasipoti.

Sasa dola yenye katiba na sarafu itakosaje Waziri Mkuu? Hapo ndipo alipoingia Bwana Achenbach. Katika miaka hiyo ya 1970 alijiunga na mambo ya Sealand akijulikana kwa cheo hicho kikubwa. Hebu msomaji fikiri: Waziri Mkuu wa serikali ambayo haina barabara ya kutengeneza, haina shule, haina zahanati, haina mkulima anayelalamikia bei ya korosho, haina mvuvi anayetaka barafu ya samaki wake. Asubuhi anapoamka, ni nani amngojaye barazani? Hapana mtu. Mzigo wake ni jina lake tu.

Na mtu ambaye mzigo wake ni jina lake hana la kufanya illa kuligombania. Agosti 1978, Bates na mkewe wakiwa safarini huko Austria, askari wa kukodiwa, Wajerumani na Waholanzi, waliuvamia mnara kwa niaba ya Achenbach wakamkamata Michael. Kama familia hiyo inavyosimulia, kijana alifungiwa, kisha akachukuliwa mpaka Uholanzi na kuachiliwa. Baadaye yeye na babake wakakodi helikopta, wakateremka juu ya jukwaa kwa kamba na kuuteka tena mnara wao. Naam, vita vya kupindua na kupinduliwa, juu ya sakafu ambayo mtu akipiga chafya upande huu yasikika upande wa pili.

Wale waliotekwa waliachiliwa, isipokuwa mwanasheria mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na pasipoti ya Sealand. Huyo akashtakiwa uhaini, akatakiwa alipe maki 75,000 za Kijerumani. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ikawaendea Waingereza. Waingereza wakajibu kuwa hayawahusu, wakikumbusha ile hukumu ya 1968. Hatimaye Wajerumani wakamtuma mwanadiplomasia kutoka ubalozi wao wa London, akapanda mnarani kuzungumza. Baada ya wiki kadha mtu wao akaachiliwa, na Bates akatangaza kuwa kwa kumpokea mjumbe yule, Sealand imekwisha tambuliwa na Ujerumani. Ujerumani haikukubali neno hilo.

Achenbach je? Hakuvua kilemba. Alirudi Ujerumani akaunda serikali ya uhamishoni, akajitaja kuwa mwenyekiti wa baraza lake. Mwaka wa 1989, kwa sababu ya afya, akampokeza cheo mtu mwingine, Johannes Seiger, aliyeendelea kudai kuwa yeye ndiye mwenye haki. Ikawa dola moja isiyokuwa dola ina serikali mbili: moja juu ya chuma baharini, nyingine juu ya karatasi nchi kavu. Hiyo ndiyo kazi nzima ya waziri yule. Ukiuliza alimfaa nani, huoni mtu wa kumtaja.

Wako watakaoniuliza: "Sheikh, mchezo wa Wazungu unakuudhi nini? Wana chuma chao, waache wavishane mataji." Nami nitajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mchezo wa vyeo haubaki mchezo. Pasipoti za Sealand zilitoka mikononi mwa wachezaji zikaingia mikononi mwa wajanja. Zikachapwa za bandia kwa maelfu, zikauzwa. Mwaka wa 1997 familia ya Bates yenyewe ililazimika kuzifuta pasipoti zote ilizozitoa, na mwaka wa 2000 polisi wa Uhispania walikuwa wakichunguza genge lililokuwa likiuza karatasi za Sealand kwa watu wa nchi mbalimbali. Anayenunua karatasi kama hiyo si tajiri mwenye kutafuta mzaha. Ni maskini anayetafuta njia. Sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tunawajua vijana waliouza dhahabu za mama zao ili wapate makaratasi ya kwenda Ghuba, wakafika uwanja wa ndege wakaambiwa kuwa karatasi zile hazina nchi nyuma yake. Muhuri ni kitu kidogo, lakini mtu aliyenyimwa yote huuona ni mlango. Anayechonga muhuri wa uwongo kwa ajili ya kujifurahisha amemchorea mwenziwe mlango ukutani.

La pili ni kubwa zaidi, nalo lanipeleka karibu na kwetu. Ulimwengu huu una desturi gani katika kuamua nani ni dola na nani si dola? Wanasheria wana Mkataba wa Montevideo wa 1933, unaotaka mambo manne: watu wakaao, ardhi yenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuamiliana na dola nyingine. Mei 1978, miezi mitatu kabla ya uvamizi ule, korti moja ya Köln ilimhukumu Mjerumani aliyedai kuwa ameacha uraia wake kwa kuwa sasa ni mtu wa Sealand. Korti ikasema kuwa jukwaa lililojengwa na binadamu si sehemu ya uso wa ardhi. Kisha ikasema neno ambalo mimi nalipenda zaidi: kwamba watu wale hawakukusanyika ili waishi pamoja na kuyachukua maisha yao yote kwa pamoja, bali kila mmoja ana shughuli zake kwingine. Kwa maneno yetu sisi, hawazikani. Watu wasiozikana si mji, sembuse dola.

Hukumu hiyo ni ya haki. Lakini sasa tufungue ukurasa mwingine, wa bahari hiyo hiyo ya Kaskazini na wa pwani hii hii yetu. Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na usultani wa Witu, bara ya Lamu. Ahmed Fumo Luti, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, aliyepewa jina la Simba, alikaa huko na watu wake, akawakusanya na waliotoroka utumwa na waliokuwa wakimkimbia Sultani wa Unguja. Walilima, walioana, walisali, walizikana. Lile la Köln walikuwa nalo tele. Mwaka wa 1885 Simba akapatana na ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na serikali ya Ujerumani ikatangaza himaya yake juu ya Witu. Simba akafariki mwaka wa 1889, akashika Fumo Bakari.

Tarehe 1 Julai, 1890, Ujerumani na Uingereza zikatia sahihi mapatano huko Berlin. Wajerumani wakapata kisiwa cha Heligoland, kipande cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini. Miongoni mwa waliyoyaacha ili wakipate ni Witu. Watu wa Witu hawakuulizwa. Mwezi wa Septemba wakauawa huko Wajerumani, Küntzel na wenzake, na mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle wa Uingereza akaja na manowari na askari, mji wa Witu ukatiwa moto.

Pima mwenyewe, ndugu msomaji. Mnara usiokuwa na kaburi hata moja ulitumiwa mwanadiplomasia. Mji wenye misikiti na mashamba ulitumiwa manowari, baada ya kuuzwa kwa mwamba wa bahari ile ile. Ndipo nasema kuwa mchezo wa Achenbach na Bates una kitu cha kuumiza ndani yake, hata kama wao hawakukikusudia. Wao waliweza kucheza dola kwa sababu walikuwa watu ambao serikali zao husita kuwapiga. Wengine walikuwa na dola ya kweli, na hawakusitiwa. Cheko letu liwe na uchungu kidogo.

Na baada ya kuwaonea uchungu Witu, turudi tujitazame, maana haifai kukalia baraza ya kuwateta Wajerumani hali nyumba yetu haijafagiliwa.

Pwani hii imeviona vyeo vikija na kuondoka. Tulikuwa na liwali na mudiri, waliowekwa kwa jina la Sultani katika ule ukanda wa maili kumi. Kwa mapatano ya 1963 ukanda ukaingia katika Kenya huru, na baada ya uhuru uliwali na umudiri ukaondoka. Kadhi akabaki, na mpaka leo yumo ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 170. Najua kuwa mapatano na sheria ndiyo yaliyomlinda. Lakini mimi nauliza kilichowafanya watu walidai jambo hilo kwa nguvu wakati ule, na tena wakati Katiba mpya ilipokuwa ikijadiliwa. Jawabu ni kuwa kadhi ana mzigo. Mke aliyeachwa bila ya matumizi humwendea. Mayatima wanaogawiwa nyumba ya baba yao humwendea. Cheo chake kimefungwa kwenye maisha ya watu, na kukikata ni kuwakata wao. Liwali alikuwa na mzigo pia, lakini serikali mpya iliuchukua mzigo ule ikawapa maofisa wake, na mtu hakupiga kelele kwa ajili ya joho tupu.

Hicho ndicho kipimo changu: cheo kikiondolewa leo, ni nani atakayekuja mlangoni kesho kuuliza, "Bwana fulani yuko wapi?" Asipokuja mtu, cheo kile kilikuwa kilemba cha ukoka.

Kwa kipimo hicho, tuna Sealand ngapi hapa kwetu? Kuna vyama vya mtaani ambavyo vina mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina na mlezi, lakini mwanachama wa sita hapatikani. Kuna kamati za harusi zilizokufa siku ya harusi, na wenye kamati bado wanaitana "Mheshimiwa". Kuna watu waliogawanyika kwa ajili ya uenyekiti wa klabu isiyokuwa na mpira, kila upande ukaenda na muhuri wake, kama vile serikali mbili za mnara mmoja.

Na sisi washairi, tusijitoe. Fungueni kurasa za mashairi mtazame sahihi zilizo chini ya beti. Huyu ni malenga wa bahari, yule ni sultani wa tungo, mwingine ni simba wa kaulini, na shairi lenyewe mizani imechechemea tangu mshororo wa kwanza. Lakabu si mbaya. Ni pambo la kale la sanaa yetu. Lakini wazee hawakujipa. Mtu alitunga, watu wakayahifadhi aliyoyatunga, wakayaimba katika ngoma na kuyatolea mfano katika ugomvi wao, ndipo siku moja wakamwita kwa jina ambalo hakulitaraji. Hata ushaha wa malenga ulikuwa mzigo: shaha aliendewa kusuluhisha, kupima, kukosoa na kufunza. Kijana anayejipa lakabu kabla hajaandika beti ishirini ni Waziri Mkuu anayetafuta nguzo za kusimama.

Huu ubeti wangu nautoa kwa wote, nikiwamo mimi mwenyewe miongoni mwa wasikilizaji:

Cheo si kanzu ya Idi, kuivaa na kuvua,
Cheo ni mzigo hadi, wenyewe watakutua,
Ukosapo mashahidi, ni nani atakujua?
Kilemba ni cha ukoka, jua kali hukiua.

Sealand yenyewe ingali imesimama. Mwaka wa 1987 Uingereza iliupanua mpaka wa maji yake kuwa maili kumi na mbili, na mnara ukawa ndani yake. Na Mkataba wa Sheria za Bahari wa 1982 umesema wazi kuwa visiwa vya kutengenezwa havina hadhi ya visiwa. Mwaka wa 2000 palianzishwa biashara ya kuhifadhi habari za kompyuta mnarani, ikafa baada ya miaka michache. Mwaka wa 2006 moto uliuunguza. Roy Bates alifariki mwaka wa 2012, mkewe mwaka wa 2016, na mwanawe Michael akarithi jina. Siku hizi mtu yeyote mwenye fedha kidogo aweza kununua ulodi wa Sealand kwa njia ya intaneti, akatundika cheti ukutani sebuleni kwake.

Mimi simkatazi mtu kununua. Lakini kwa Bates nina heshima ndogo ambayo kwa Achenbach sina. Bates na mkewe walikaa pale, wakala baridi na upepo, wakakarabati kutu kwa mikono yao. Walikuwa na mzigo, ijapokuwa ulikuwa mzigo wa nyumba yao wenyewe. Achenbach alitaka jina bila ya kutu. Huyo ndiye wa kumwogopa katika kila chama, kila kijiji na kila dola, kubwa au ndogo: mtu anayekipenda cheo na hawapendi watu walio chini yake, hata ikawa kwake ni raha zaidi wakiwa hawapo kabisa.

Basi anayekuja kwako mwaka huu akitaka umwite mwenyekiti, mheshimiwa au malenga, usimtukane. Muulize kwa adabu swali moja tu: "Bwana, umetuchukulia mzigo gani?" Akiwa nao, atakuonyesha mabega yake.